Neva Zinazoota Tena na Zisizoota: Majeraha ya Fahamu katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Mfumo wa fahamu wa binadamu una sehemu mbili zenye hatima tofauti. Neva za mikono na miguu zikikatika zinaweza kuota tena na kurudisha nguvu za kiungo, ingawa polepole. Ubongo na ugwe wa mgongo, yaani ule mkusanyiko laini wa neva unaopita ndani ya pingili, vikiumia, nyuzi zake haziungani tena. Tofauti hiyo imewashughulisha wanasayansi tangu katikati ya karne ya 19, na hadi leo ndiyo inayoamua ni majeruhi gani atarudi kazini kwake na ni yupi atakayeishi na ulemavu.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, majeraha hayo hutokea kwa njia tatu kubwa. Katoro, mji wa biashara ulio magharibi ya mji wa Geita kwenye barabara iendayo Chato, umezungukwa na machimbo ya wachimbaji wadogo, na usafiri wa kwenda machimboni kwa sehemu kubwa ni wa bodaboda. Mwendesha pikipiki akiangukia bega, neva za mkono huvutika au hung'oka. Mchimbaji akiangukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, pingili huweza kuvunjika na kuubana ugwe wa mgongo. Naye anayechoma dhahabu iliyokamatishwa kwa zebaki huvuta mvuke unaofika ubongoni bila kuacha jeraha linaloonekana kwa macho. Majeraha haya matatu yote huitwa ya neva, lakini kila moja lina kanuni yake ya kupona.

Seli moja, uzi mrefu

Seli ya neva ina kiini chake ndani ya mwili wa seli, na kutoka hapo hutoka uzi mwembamba unaopeleka ujumbe wa umeme. Mwili wa seli inayokunja kidole gumba cha mguu umo katika sehemu ya chini ya ugwe wa mgongo, ilhali uzi wake unafika kwenye misuli ya mguu. Kwa mtu mzima uzi huo unaweza kukaribia urefu wa mita moja, na protini nyingi unazozihitaji husafirishwa kutoka kwenye mwili wa seli hadi ncha.

Nyuzi nyingi za namna hiyo hufungwa pamoja na kuwa neva moja inayoonekana kwa macho. Nyingi zimezungushiwa ala ya mafuta inayoharakisha ujumbe. Kwenye mikono na miguu, ala hiyo hutengenezwa na seli za Schwann. Ndani ya ubongo na ugwe wa mgongo hutengenezwa na seli za aina nyingine kabisa. Jambo hilo lilichukuliwa kwa muda mrefu kuwa dogo, lakini ndilo lililokuja kueleza mengi kuhusu kuota na kutoota kwa neva.

Mwaka 1850 daktari Mwingereza Augustus Waller aliikata neva ya ulimi wa chura na kuichunguza kwa hadubini siku hadi siku. Aliona kwamba sehemu iliyotengwa na mwili wa seli huvunjikavunjika na kufa, huku sehemu iliyobaki imeungana na seli ikiendelea kuishi. Kutokana na hilo ilifahamika kwamba uzi wa neva hulishwa na seli yake, na kwamba kupona hakutokani na kuunganika kwa ncha mbili zilizokatika. Uzi mpya lazima uote kutoka upande ulio hai na usafiri njia yote hadi mwisho.

Aliyeonyesha namna uzi huo unavyosafiri ni Santiago Ramón y Cajal wa Hispania. Mwaka 1890 alieleza kwamba ncha ya uzi unaokua huvimba na kutoa vinyweleo vinavyopapasa njia mbele yake. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwitaliano Camillo Golgi kwa kazi yao juu ya muundo wa mfumo wa fahamu. Miaka iliyofuata Cajal aliielekeza kazi yake kwenye majeraha, akakata neva za wanyama na kufuatilia zinavyokufa na zinavyoota. Kitabu chake kikubwa juu ya suala hilo kilitoka mwaka 1913 na 1914. Humo alieleza kwamba nyuzi za ubongo na za ugwe wa mgongo huanza kuota baada ya kukatwa, kisha hukoma.

Milimita moja kwa siku

Neva ya mkono ikikatika, seli za Schwann zilizo upande uliokufa hazifi pamoja na nyuzi. Husafisha mabaki, hugawanyika na kujipanga mstari ndani ya ala, na hutoa protini zinazouita uzi mpya. Protini ya kwanza ya aina hiyo iligunduliwa na Rita Levi-Montalcini mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kwa kazi hiyo yeye na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Kasi ya kuota ni takribani milimita moja kwa siku, sawa na sentimeta 3 kwa mwezi. Neva ikiumia karibu na kwapa, umbali hadi kwenye misuli inayokunja kiwiko ni mfupi, na nguvu huweza kuanza kurudi ndani ya miezi kadhaa. Umbali hadi kwenye misuli midogo ya kiganja hukaribia sentimeta 60, na safari hiyo ni ya karibu miaka miwili. Tatizo ni kwamba msuli usiopata ujumbe wa neva husinyaa, na baada ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu hupoteza uwezo wa kuipokea neva hata ikifika. Ndiyo maana mtu aliyeumia begani huweza kupata tena nguvu ya kukunja mkono na bado akakosa uwezo wa kushika sindano au kufunga kifungo.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, daktari Mfaransa Jules Tinel aliwahudumia askari wengi waliojeruhiwa neva. Mwaka 1915 alieleza kipimo kinachotumika hadi leo: daktari hugongagonga kwa kidole juu ya njia ya neva, na pale ilipofika ncha inayokua, mgonjwa huhisi shoti inayokimbilia vidoleni. Sehemu hiyo ikisogea chini mwezi hadi mwezi, neva inaota. Ikibaki palepale, imekwama. Kipimo hiki hakihitaji mashine, na kinaweza kufanywa katika zahanati yoyote.

Mwaka 1943 daktari wa mifupa Herbert Seddon wa Oxford aliyagawa majeraha ya neva katika daraja tatu. La kwanza ni la neva iliyobanwa ikaacha kupeleka ujumbe bila kukatika. Hiyo hupona yenyewe kwa siku au wiki kadhaa. La pili ni la nyuzi zilizokatika ndani huku ala zikibaki nzima. Hapo nyuzi huota zikifuata njia zake za zamani. La tatu ni la neva iliyokatika yote pamoja na ala, na hiyo haiwezi kupona bila upasuaji.

Mgawanyo huo huwasaidia madaktari kuamua lini wasubiri na lini wapasue. Mfupa wa mkono wa juu ukivunjika, neva inayouzunguka huweza kubanwa na kiganja kikalegea kisiweze kuinuka. Wengi wa wagonjwa hawa hupona wenyewe ndani ya miezi michache. Mkono uliokatwa kwa panga au kioo ukapoteza hisia ni jambo jingine, kwa sababu neva imetengana na haifai kusubiriwa. Banzi lililofungwa kwa kukaza kupita kiasi huweza kuiua neva iliyokuwa nzima, na ganzi inayozidi chini ya banzi ni dalili ya kulilegeza mara moja. Hata sindano ya makalio ikichomwa mahali pasipo sahihi huweza kuigusa neva kubwa ya mguu na kumwacha mtoto akiburuta unyayo. Kwa watoto wadogo sehemu salama zaidi ni ubavu wa paja.

Daktari wa upasuaji hushona neva iliyokatika kwa uzi mwembamba kuliko unywele, akitumia hadubini. Pengo likiwa kubwa, hukata neva ya hisia isiyo na kazi kubwa nyuma ya mguu na kuipandikiza ili iwe njia ya nyuzi mpya. Katika ajali za pikipiki, ambapo kichwa husukumwa upande mmoja na bega upande mwingine, neva huweza kung'oka kabisa kwenye ugwe na kukosa ncha ya kushona. Mwaka 1994 daktari Mfaransa Christophe Oberlin alieleza njia ya kuchukua sehemu ndogo ya neva ya kiganja iliyo nzima na kuiunganisha na neva ya msuli unaokunja kiwiko. Kwa kuwa mahali pa kuunganishia ni karibu na msuli, nyuzi hufika kabla msuli haujafa. Upasuaji wa aina hii hufaa zaidi ukifanywa ndani ya miezi sita tangu kuumia, na majeruhi anayengoja mwaka mzima nyumbani huwa ameshaupoteza muda ambao hakuna daktari anayeweza kuurudisha.

Ugwe wa mgongo na ukuta wake

Swali lililobaki baada ya Cajal lilikuwa kama nyuzi za ugwe wa mgongo hazina uwezo wa kuota, au zinazuiwa. Mwanafunzi wake Francisco Tello alipandikiza kipande cha neva ya mguu kwenye ubongo wa sungura mwaka 1911 na kuona nyuzi za ubongo zikiingia ndani yake. Ushahidi huo haukuwashawishi wengi, kwa kuwa vyombo vya wakati huo havikuweza kuthibitisha nyuzi zimetoka wapi.

Jibu lilipatikana Montreal, Kanada, katika maabara ya Albert Aguayo, daktari wa neva mzaliwa wa Argentina. Mwaka 1981 yeye na Samuel David walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya na kukitumia kama daraja nje ya ugwe, upande mmoja kikigusa shina la ubongo na upande wa pili kikigusa ugwe wa mgongo. Nyuzi za seli za ubongo na ugwe ziliingia kwenye daraja na kukua karibu sentimeta 3. Zilipofika mwisho wa daraja na kuingia tena ndani ya ugwe, zilisimama. Uwezo wa kuota ulikuwepo. Kikwazo kilikuwa mazingira ya ugwe wenyewe.

Martin Schwab wa Zürich, Uswisi, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kukitafuta kikwazo hicho. Mwaka 1988 yeye na Pico Caroni walionyesha kwamba ala ya mafuta ya ubongo na ugwe ina protini zinazozisimamisha nyuzi zinazokua. Mwaka 1990 Schwab na Lisa Schnell waliwapa panya waliojeruhiwa kingamwili inayofunga protini hizo, na baadhi ya nyuzi zikaota kuvuka jeraha. Jeni ya protini mojawapo ilitambuliwa mwaka 2000 na kuitwa Nogo. Baadaye kingamwili dhidi yake ilijaribiwa Ulaya kwa watu walioumia ugwe wa shingo. Kwa kundi zima la wagonjwa haikushinda sindano isiyo na dawa, ila ilionyesha dalili za manufaa kwa wale ambao ugwe wao haukuwa umekatika wote. Huko Lausanne, pia Uswisi, wataalamu wamefuata njia nyingine: umeme unaopelekwa kwenye ugwe chini ya jeraha umewawezesha baadhi ya waliopooza kupiga hatua kwa msaada.

Tiba hizi bado si za kawaida kwa wagonjwa hospitalini. Kilichobadilisha maisha ya waliopooza ni kazi ya Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani na kufungua kitengo cha majeruhi wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Kabla yake wengi wa majeruhi hao walikufa mapema kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann aliagiza wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mkojo utolewe kwa usafi, na mazoezi yaanze mapema. Mashindano aliyowaandalia wagonjwa wake mwaka 1948 ndiyo yaliyozaa Michezo ya Paralimpiki.

Nchini Tanzania, utafiti wa Haleluya Moshi, mtaalamu wa fiziotherapia, na wenzake uliochapishwa mwaka 2017 ulipitia kumbukumbu za majeruhi wa ugwe wa mgongo kaskazini mashariki mwa nchi, waliotibiwa katika hospitali ya KCMC. Kuanguka kutoka juu na ajali za barabarani ndivyo vilivyokuwa vyanzo vikuu, na vidonda vya kulalia vilikuwa miongoni mwa matatizo makubwa ya wagonjwa. Kwa Kanda ya Ziwa, wagonjwa wa aina hii hupelekwa hospitali ya Bugando jijini Mwanza, na wanaohitaji upasuaji mkubwa zaidi huweza kufika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam.

Machimboni, sehemu ya hatima ya mgongo huamuliwa kabla ya hospitali. Mwaka 2015 wachimbaji watano wa Nyangalata, Kahama, walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na Januari 2017 watu 15 waliokolewa katika mgodi wa RZ, Nyarugusu, Geita. Habari za uokoaji huishia pale mtu anapofika juu. Kwa ugwe wa mgongo, namna anavyofikishwa juu ni sehemu ya tiba. Pingili iliyovunjika huweza kuwa haijaubana ugwe bado. Mtu akikunjwa, akivutwa kwa kwapa au akipakiwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, jeraha la nusu hugeuka kuwa kamili. Majeruhi asiyehisi miguu, au anayelalamika maumivu ya shingo au mgongo, hulazwa juu ya ubao mgumu, kichwa, shingo na kiwiliwili vikisogezwa pamoja na watu kadhaa, na shingo ikizuiwa isigeuke.

Zebaki: kutoka Rwamagasa hadi Katoro

Jeraha la tatu halina damu wala mfupa uliovunjika. Mawe ya dhahabu husagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, unga huoshwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, kisha zebaki huchanganywa ili iikamate dhahabu. Donge linalopatikana huwa na zebaki karibu nusu yake, na huchomwa juu ya jiko la mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, chini sana ya nyuzi 1,064 zinazoyeyusha dhahabu, kwa hiyo huondoka kama mvuke na kuiacha dhahabu. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Karibu asilimia 80 ya unaovutwa hubaki mwilini, na kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, huvuka kwa urahisi kizuizi kinachoulinda ubongo dhidi ya sumu zilizo kwenye damu.

Mwaka 2003 mradi wa zebaki wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, ulichunguza afya za watu wa Rwamagasa, kijiji cha machimbo wilayani Geita. Wataalamu waliokuwemo ni pamoja na Stephan Bose-O'Reilly na Gustav Drasch wa Munich, Ujerumani. Walipimwa watu 180 wa Rwamagasa, na ili kuwe na ulinganisho walipimwa wengine 31 kutoka Katoro, umbali wa kilomita 30 hivi, ambao hawakuwa wakifanya kazi ya zebaki. Mkojo, damu na nywele vilipelekwa maabara, na kila mtu alipimwa fahamu kwa vipimo rahisi: kugusa ncha ya pua kwa kidole macho yakiwa yamefumbwa, kutembea kwa mstari, kukumbuka tarakimu zilizotajwa, kugongagonga kwa penseli na kupanga njiti za kiberiti ndani ya boksi lake kwa haraka. Wachomaji ndio waliokuwa na zebaki nyingi zaidi mwilini, na baadhi yao walikuwa na dalili za sumu ya kudumu, zikiwemo kutetemeka mikono, kuyumba na kushindwa kuratibu viungo.

Kinachotokea ndani ya seli kilionekana kwa namna ya pekee mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada. Naweed Syed, mtafiti wa kuota kwa neva, pamoja na wenzake walikuza seli za neva za konokono wa maji kwenye chombo cha maabara, kisha wakaongeza kiasi kidogo sana cha zebaki. Ndani ya uzi wa neva kuna mirija midogo ya protini inayoushikilia kama matimba, yaani nguzo za miti, yanavyoshikilia duara. Zebaki iliisambaratisha mirija hiyo, ncha iliyokuwa ikikua ikanywea, na uzi ukabaki mtupu. Ncha hiyo ni ileile aliyoieleza Cajal mwaka 1890. Kwa hiyo zebaki hugusa hata uwezo wenyewe wa kuota.

Zebaki ya aina nyingine, ile inayoingia kwenye samaki, ndiyo iliyowadhuru wakazi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba unataka nchi zenye wachimbaji wadogo zipunguze zebaki na ziondoe kwanza matendo mabaya zaidi, yakiwemo kuchoma donge bila chombo cha kulifunika na kuchoma katika makazi ya watu.

Dalili za mwanzo kwa mchomaji ni ladha ya chuma mdomoni, kukosa usingizi, hasira za ghafla, kusahau na mikono inayotetemeka hata mwandiko ukabadilika. Zikigunduliwa mapema na mtu akaacha kuvuta mvuke, mwili huitoa sehemu kubwa ya zebaki ndani ya miezi kadhaa, na dalili nyingi hupungua. Zipo dawa zinazoikamata zebaki na kuitoa kwa mkojo, lakini hazirudishi seli za ubongo zilizokwisha kufa. Mjamzito na mtoto wako hatarini zaidi, kwa kuwa ubongo unaojengwa unahitaji nyuzi zake zikue bila kikwazo.

Kwa jeraha hili kinga ndiyo tiba kuu. Ritoti, chombo cha chuma kilichofunikwa chenye bomba la kupoozea, hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki ikiwa kimefungwa vizuri, na zebaki hiyo hutumika tena badala ya kununuliwa upya. Hata hivyo mvuke kidogo hubaki, hivyo uchomaji hufanyika mahali pa wazi, mbali na jiko la chakula, watoto na vyumba vya kulala. Dhahabu ambayo haikuiva vizuri hutoa tena mvuke inapochomwa na mnunuzi dukani, kwa hiyo anayefungua duka la dhahabu mjini anahitaji kinga ileile anayohitaji mchomaji wa mwaloni.